Kuoza Nako ni Kazi

Mwaka 1974 watafiti wawili, J. M. Anderson na M. J. Coe, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kinyesi cha tembo katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, Kenya. Rundo moja lenye uzito wa kilo moja na nusu lilivamiwa na mbawakawa wapatao 16,000. Baada ya saa mbili hapakuwa na rundo tena. Sehemu ilikuwa imeliwa papo hapo, sehemu imefukiwa ardhini, na sehemu imefinyangwa kuwa madonge yakaviringishwa mbali. Sasa kumbuka kwamba tembo mmoja aliyekomaa huangusha karibu kilo 100 za kinyesi kwa siku, na kwamba mbuga za Serengeti pekee hulisha nyumbu zaidi ya milioni moja, mbali na pundamilia, swala na nyati. Wanyama hawa wamekuwa wakila na kunya mahali palepale kwa maelfu ya miaka. Kwa hesabu nyepesi tu, nyika ile ilipaswa kuwa imefunikwa zamani. Haikufunikwa, na sababu za kutofunikwa kwake zinatuhusu hata sisi tusioishi karibu na tembo.

Wengi tumezoea kuona kuoza kuwa ni jambo linalojiendea lenyewe. Jani likianguka litaoza, mnyama akifa ataoza, kilichobaki ni kusubiri mvua. Shuleni watoto hufundishwa kwamba waozeshaji ni bakteria na kuvu, na mchoro wa kitabuni una mshale mmoja unaotoka kwa kiumbe mfu hadi udongoni. Mshale huo umeruka hatua nyingi. Hoja ya makala haya ni kwamba kuoza ni kazi yenye watendaji wake, na kwamba katika nchi za joto sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wadudu. Tatizo ni kwamba maamuzi mengi tunayofanya shambani, zizini na mjini tunayafanya kana kwamba watendaji hao hawapo, kisha tunashangaa udongo unapochoka.

Aliyesoma biolojia atapinga mara moja. Atasema wadudu ni wasaidizi tu, kwamba anayevunjavunja protini na selulosi mwishowe ni bakteria na kuvu, na kwamba wadudu wakiondolewa kazi itachelewa kidogo lakini itakwisha. Pingamizi hilo ni la haki, na uzuri wake ni kwamba linapimika. Mwaka 1965 Jerry Payne, wa Chuo Kikuu cha Clemson huko South Carolina, Marekani, alichapisha jaribio alilofanya kwa mizoga ya watoto wa nguruwe. Mingine aliiacha ifikiwe na wadudu, mingine akaizungushia wavu uliowazuia. Mizoga iliyofikiwa ilipoteza asilimia 90 ya uzito wake kwa siku sita. Iliyozuiliwa ilikauka na kusinyaa, ikabaki na umbo la mnyama; baada ya siku 100, asilimia 20 ya uzito bado ilikuwapo. Joto lilikuwa lilelile na bakteria walikuwa pande zote mbili. Kilichokosekana upande mmoja ni nzi na mbawakawa. Ucheleweshaji wa kiasi hicho siwezi kuuita kidogo, hasa ukizingatia kwamba wakati mzoga mmoja unakauka bila kuisha, mingine inaendelea kuanguka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Bakteria hana miguu wala meno. Hawezi kutoka rundo moja kwenda jingine, hawezi kutoboa ngozi, na jua likikausha uso wa kitu anakwama. Jani lina nta juu yake, mti una gamba, kinyesi cha ng'ombe hufanya utando mgumu siku ya kwanza tu ya jua kali. Mdudu ndiye anayepasua utando huo. Akitafuna jani, vipande vidogo anavyoviacha vina eneo kubwa zaidi la kushambuliwa. Akichimba, anaingiza hewa na unyevu. Akihama, anawabeba bakteria na mbegu za kuvu mwilini na tumboni mwake mpaka kwenye chakula kipya. Kwa hiyo swali la nani hasa anaozesha, mdudu au kijidudu, kwa maoni yangu limekaa vibaya tangu mwanzo, maana wamekuwa wakifanya kazi moja kwa pamoja tangu enzi ambazo binadamu hakuwapo.

Ukitazama kwa karibu utaona jinsi kazi hii ilivyogawanywa. Nzi wa kijani anayeng'aa hufika kwenye mzoga dakika chache baada ya mnyama kufa, akataga mayai penye ulaini na unyevu: pembe za macho, puani, mdomoni, kwenye jeraha. Kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Funza wanaotoka hawana meno. Wana kulabu mbili ndogo mdomoni za kuchania nyama, na hutema vimeng'enya vinavyoilainisha mpaka iwe uji wa kunywewa. Hula kwa msongamano, vichwa chini na mikia juu kwa kuwa matundu yao ya kupumulia yako nyuma, na msongamano wao hutoa joto linaloweza kuzidi la hewa ya nje kwa nyuzi 10 hata 20, hivyo kazi huzidi kwenda kasi. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya viumbe, aliandika katika karne ya 18 kwamba nzi watatu humaliza mzoga wa farasi upesi sawa na simba. Inasikika kama utani, lakini ni hesabu ya uzazi tu: simba hali kwa watoto elfu.

Nyama laini ikiisha, nzi huondoka na kuwaachia wengine. Mbawakawa wa ngozi huja kula kilichokauka, kano na ngozi. Hata pembe ina mwenyewe. Yuko nondo mdogo wa Afrika, kwa jina la kisayansi Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake hula pembe za nyati na swala waliokufa, yaani keratini, kitu kigumu ambacho wanyama wachache sana wanaweza kukimeng'enya. Aliyepita porini na kukuta fuvu la nyati lenye vijiti vya udongo vimechomoza pembeni kama vidole, basi amekutana na vibomba ambavyo viwavi hao hujijengea. Ni kweli kwamba kwenye mbuga zetu mizoga mikubwa huwahiwa na tumbusi na fisi, na sina nia ya kuwanyang'anya sifa yao. Lakini tumbusi hashughuliki na panya, chura wala mjusi aliyekufa chini ya kichaka, na wanyama wadogo ndio wengi.

Hata hivyo, mizoga na kinyesi si mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa ni mimea. Makadirio ya wanaikolojia ni kwamba takriban asilimia 90 ya kinachooteshwa na mimea ya nchi kavu hakiliwi kikiwa kibichi na mnyama yeyote. Hufa kwanza, kikaanguka: majani, matawi, magogo, mizizi, nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama. Hapa ndipo mchwa anapoingia, mdudu anayetukanwa kuliko wote. Wale wanaojenga vichuguu virefu, jamii ya Macrotermes, wana mpango wa kustaajabisha. Vibarua hutoka usiku au kupita chini ya vijia walivyovifunika kwa udongo, hukata nyasi kavu na vipande vya mti, huvila, kisha hurudi kuvitoa vikiwa nusu tu vimesagika na kuvirundika ndani ya kichuguu kwenye sega laini lenye matundumatundu. Juu ya sega hilo huota kuvu wa aina ya Termitomyces, ambaye haishi kwingine isipokuwa kwa mchwa. Kuvu ndiye anayevunja lignini, ile gundi inayoufanya mti uwe mgumu, na mchwa hurudi kula sega lililokomaa. Mvua zikianza, kuvu huyohuyo huchomoza nje kama uyoga mkubwa mweupe ambao wanavijiji wengi wa Afrika Mashariki huuwahi asubuhi kabla ya majirani.

Ushirika huu si wa jana. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza mabaki ya viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, vikiwa na masega ya kuvu ndani yake, kutoka bonde la Rukwa kusini magharibi mwa Tanzania. Umri wake ni kama miaka milioni 25. Wakulima wa kwanza wa Rukwa, kwa maana hiyo, hawakuwa na mikono. Na matokeo ya ukulima wao yanaonekana mpaka leo juu ya ardhi. Huko Laikipia, Kenya, Robert Pringle na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba vichuguu vimetawanyika nyikani kwa nafasi zinazolingana, na kwamba kadiri unavyokikaribia kichuguu ndivyo wadudu wengine, buibui na mijusi wanavyoongezeka na migunga inavyozaa zaidi. Mchwa huleta udongo laini kutoka chini, hukusanya mabaki kutoka eneo pana, na rutuba hujilimbikiza pale wanapoishi. Mkulima anayepanda mboga zake juu ya kichuguu kilichobomoka analijua hilo bila kusoma jarida lolote.

Kwa muda mrefu mambo haya yalibaki kama visa vya mahali hapa na pale, na mpinzani angeweza kusema kwamba Tsavo ni Tsavo. Hivi karibuni vimekuja vipimo vya dunia nzima. Mwaka 2021 kundi kubwa lililoongozwa na Sebastian Seibold lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika misitu 55 kwenye mabara sita. Vipande vya miti iliyokufa viliwekwa porini, vingine vikiwa wazi na vingine ndani ya vizimba vinavyozuia wadudu. Makisio yao ni kwamba miti mifu duniani hutoa tani bilioni 10.9 za kaboni kila mwaka, asilimia 93 ikitoka misitu ya tropiki, na kwamba mchango wa wadudu unafika asilimia 29. La maana kwetu ni tofauti ya maeneo: katika misitu ya baridi ya kaskazini wadudu walileta tofauti ndogo sana au hawakuleta kabisa, ilhali katika tropiki waliongeza kasi waziwazi. Mwaka uliofuata, Amy Zanne na wenzake zaidi ya mia moja walitoa matokeo ya vituo 133. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kazi ya bakteria na kuvu kwenye mti mfu huongezeka kwa chini ya mara mbili. Kazi ya mchwa huongezeka kwa karibu mara saba. Nadhani hapa ndipo chanzo cha kutoelewana kilipo. Vitabu vingi tunavyofundishia viliandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwa misitu yao mshale mmoja wa bakteria na kuvu unakaribia ukweli. Kwa Kilombero au Kakamega hautoshi.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote hautoki hata Afrika, ingawa unaihusu Afrika. Ng'ombe wa kwanza walifikishwa Australia mwaka 1788. Bara lile lilikuwa na mbawakawa wake wa kinyesi, ila wamezoea vinyesi vya kangaruu, vidogo, vikavu na vyenye nyuzinyuzi. Lundo bichi la mavi ya ng'ombe hawakulijulia. Ng'ombe wakaongezeka kufikia mamilioni, na mavi yao yakabaki juu ya ardhi kwa miezi, mengine hata zaidi ya mwaka, yakikausha nyasi chini yake na kuzalisha nzi wasio na hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia huko mtaalamu wa wadudu kutoka Hungaria, George Bornemissza. Akashangaa kuona malisho yametapakaa madonge makavu ambayo kwao hakuyazoea, naye akatoa pendekezo ambalo leo linaonekana la kawaida: nendeni mkawalete wafanyakazi. Mradi wa kuwaleta ulidumu kuanzia 1965 hadi 1985, ukiwa na kituo Pretoria, Afrika Kusini. Aina 43 za mbawakawa ziliachiliwa, nyingi za Afrika na nyingine za Ulaya, na 23 zikastawi. Katika maeneo kadhaa mavi sasa hufukiwa kwa siku chache na nzi wamepungua. Nani angetaka jaribio zuri kuliko hilo? Bakteria na kuvu Australia walikuwapo miaka yote 160.

Atajitokeza wa kusema kwamba kuhamisha wadudu ni hatari, na ataitaja Australia hiyohiyo, ambayo mwaka 1935 iliingiza vyura wa miwa kutoka Hawaii ili wale wadudu wa miwa na badala yake wakawa balaa. Ana haki ya kutaja. Mbawakawa walichaguliwa kwa kuwa hawali kingine ila kinyesi, na yaliyosafirishwa kwanza ni mayai yaliyosafishwa ili magonjwa ya mifugo yasiwafuate. Chura hakupewa uangalifu wa namna hiyo. Lakini sihitaji kuutetea uhamishaji ili hoja yangu isimame. Sisi wafanyakazi tunao tayari nyumbani. Kinachotuhusu ni kutowafukuza.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye nyumba. Mchwa amekula nguzo, paa na kabati la vyeti. Nzi ameleta kuhara. Leo anaombwa awashukuru? Hasara hizo ni za kweli na sitazipunguza. Nzi wanaozaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi hubeba vimelea vya kuhara na vya trakoma, na dawa yake inajulikana: choo kilichofunikwa. Lakini dunia ina takriban aina 3,000 za mchwa, na zinazohesabiwa kuwa waharibifu wakubwa hazifiki 100. Hata hao, kilichowaleta dirishani mara nyingi ni uleule ustadi wa kula mti mkavu. Mchwa hana namna ya kujua kwamba mti huu umeshapigwa randa na kulipiwa. Suala ni wapi anafanyia kazi. Ustadi wa funza ambao jikoni ni uchafu umeanza kutumika kwa faida Nairobi na miji mingine, ambako mabuu ya nzi wa jamii ya Hermetia illucens hulishwa taka za sokoni. Nzi huyu ana asili ya Amerika, akishapata mabawa hang'ati wala hafuati vyakula vya watu, na mabuu yake humaliza maganda na mabaki ya chakula kwa wiki mbili hivi, kisha huwa chakula cha kuku na samaki, na masalia yake huwa mbolea. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, kilichoasisiwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, ni miongoni mwa walioufanyia utafiti mwingi ufugaji huu. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza. Tunazipakia kwenye malori, tunazilipia mafuta mpaka dampo, na huko zinaoza vibaya, bila hewa, zikitoa methani.

Kuhusu methani, wanamazingira nao wana lao: mchwa hutoa gesi hiyo, na kila kinachooza hutoa kaboni, sasa tuwapende wanaoharakisha? Mchango wa mchwa katika methani ya dunia hukadiriwa kuwa asilimia chache tu, na uchunguzi wa vichuguu vya Australia uliotoka mwaka 2018 uligundua kwamba karibu nusu ya methani inayozalishwa ndani huliwa na bakteria wa ukutani na ardhini kabla ya kutoka nje. Ama kaboni ya jani lililokufa, hiyo itarudi hewani kwa njia moja au nyingine. Ikipitia tumboni mwa mdudu, sehemu yake inazikwa pamoja na naitrojeni na fosforasi mahali ambapo mizizi inafika. Ikipitia motoni, kaboni karibu yote inapanda na moshi, naitrojeni inapanda nayo, na kinachobaki ni majivu yanayosombwa na mvua ya kwanza.

Moto ndio mpinzani mkubwa wa wadudu hawa mashambani kwetu. Mahindi yakishavunwa, mabua hukusanywa na kuchomwa, au shamba lote huwashwa. Sababu zinazotolewa zina mantiki: shamba linakuwa safi, jembe linapita, panya na viwavi wanapungua, na majivu hukuza mazao ya msimu mmoja. Sikubaliani na wanaomlaumu mkulima kwa ujinga, kwa maana kuchoma kunamwokolea siku kadhaa za kazi na mwilini anazihisi. Ninachosema ni kwamba hesabu hiyo imeacha upande mmoja wa daftari. Gharama ya mfuko wa mbolea ya naitrojeni anaonunua msimu ujao haiandikwi pamoja na moshi ulioondoka.

Upande wa mifugo mambo ni ya kificho zaidi. Ivermektini ni dawa ya ajabu. Imewaokoa mamilioni ya watu na usubi na matende, na wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ng'ombe akipewa kwa ajili ya minyoo, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwenye mavi ikiwa bado na nguvu ya kuua. Mwaka 1987 Wall na Strong wa Uingereza waliripoti kwamba mavi ya ng'ombe waliowekewa dawa hiyo kwa njia ya kuitoa polepole tumboni yalikaa bila kuharibika, ilhali ya ng'ombe wasiopewa yalikwisha. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa kuwa matokeo hutegemea kipimo, msimu na namna dawa ilivyotolewa, na baadhi ya dawa za kupaka mgongoni dhidi ya kupe na ndorobo zimeonekana nazo kuwadhuru mbawakawa. Sitasema mfugaji aache kutibu. Mnyama mwenye minyoo ni hasara, na hakuna mbawakawa atakayemrudisha akifa. Lakini kumpa kila ng'ombe dawa kwa kalenda, mgonjwa na mzima, mwanzoni mwa mvua wakati mbawakawa wengi ndipo wanapoibuka, ni kulipa mara mbili. Mavi yaliyofukiwa haraka hunyima mayai ya minyoo na ya nzi nafasi ya kukomaa, hivyo mbawakawa mwenyewe ni sehemu ya tiba. Marekani, ambako mambo ya namna hii hupigiwa hesabu, makadirio ya mwaka 2006 yaliweka thamani ya kazi ya mbawakawa wa kinyesi kwa wafugaji wa ng'ombe kuwa dola milioni 380 kwa mwaka. Kwetu sijaona bajeti ya mifugo iliyowapa hata mstari mmoja.

Kuna wakulima waliojaribu kinyume chake, yaani kuwaita wadudu makusudi. Katika Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, aliyepewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na kufariki mwaka 2023, aliiboresha mbinu ya kale ya zai: kuchimba vishimo wakati wa kiangazi kwenye ardhi iliyokauka ikawa na gamba, na kutia ndani yake samadi na majani makavu. Vitu hivyo huvuta mchwa. Mchwa hutoboa gamba wakifuata chakula, na mvua ikija maji huingia kupitia matundu yao badala ya kutiririka juu. Anayeogopa kwamba mchwa walioalikwa watageukia mtama wenyewe anauliza swali la msingi, na baadhi ya jamii za mchwa kweli hushambulia mahindi na miche michanga. Lakini ushahidi kutoka nchi kadhaa za Afrika unaelekea upande mmoja: uharibifu huzidi pale ambapo shamba limefagiwa, kwa kuwa kilichobaki cha kula ni mmea ulio hai. Miaka ya 1990 mtafiti Abdoulaye Mando, pia wa Burkina Faso, alitandaza mabaki ya mimea juu ya ardhi yenye gamba katika maeneo mawili, moja likiwa na mchwa wake, jingine likiwa limepigwa dawa ya kuwaua. Penye mchwa, maji yaliingia ardhini na mimea ikaanza kurudi. Palipopigwa dawa, matandazo yalikuwa yaleyale na mvua ileile, lakini gamba lilibaki pale pale na nyasi kidogo sana ndizo zilizoota.